Je, Haja Yako Ina Ushahidi?



Ndugu zangu, swali hili lilinijia nikiwa chumbani kwangu Area 49, mbele ya kompyuta ya mezani yenye umri wa zaidi ya miaka kumi. Nilifungua Maktaba Shamila nitafute neno moja katika vitabu vya fiqhi. Nikaenda kutawadha, nikarudi, bado inatafuta. Nikajiambia: prosesa imechoka, lazima ninunue yenye nguvu zaidi. Pesa ilikuwepo. Mama aliituma kutoka Dzaleka, faida ya vitumbua anavyouza sokoni, akaniambia neno moja tu: "Hiyo ni ya masomo, mwanangu."

Je, prosesa ni masomo?

Wanazuoni, akiwemo Imam Shatibi aliyefariki mwaka 790 Hijria (1388), wameyagawa maslahi ya binadamu katika madaraja matatu: dharura, haja na mapambo. Mimi niliipandisha prosesa hadi daraja la haja kwa dakika moja. Hakuna aliyenizuia, kwa kuwa mdai nilikuwa mimi, shahidi mimi, na kadhi mimi.

Hapo ndipo penye hatari. Tukisikia israfu huwafikiria matajiri na harusi zao. Lakini mwanafunzi asiye na kitu naye hufanya israfu, na mara nyingi huifanya kwa jina la haja. Katika mlango wa hukumu tumesoma kwamba mdai ndiye anayeleta ushahidi. Basi nafsi inaposema "nahitaji", imeleta dai. Na iulizwe ushahidi wake.

Nikauliza. Shamila ikiwa inatafuta, nilifungua dirisha linaloonyesha kompyuta inatumia nini. Prosesa ilikuwa chini ya robo ya uwezo wake. Diski, ile ya zamani inayozunguka, ilikuwa asilimia 100. Kumbe nilikuwa nimemshtaki asiye na kosa! SSD ndogo, kwa bei iliyo chini sana ya ile prosesa, ingeondoa tatizo, na siku kompyuta hii ikifa ningeihamishia nyingine.

Rafiki yangu alinipinga kwa hoja nzito. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Je, prosesa mpya isingenivusha hadi Windows 11? Tukaangalia. Ubao mama wangu ni wa Intel kizazi cha nne, na Windows 11 rasmi inakubali kuanzia kizazi cha nane. Hakuna prosesa inayoingia kwenye ubao huu ambayo ingenivusha. Kuhama kutataka kompyuta nyingine kabisa.

Chini ya dai langu nilikuta jambo jingine, na naona haya kuliandika: nilitaka tu niweze kusema kwamba nami natumia i7.

Sihimizi ubahili. Surat Al-Furqan, aya ya 67, inawasifu wanaotumia kwa wastani, bila israfu wala uchoyo. Mwenzetu ambaye kazi zake zinaifikisha prosesa asilimia 100 kutwa nzima, na ubao wake unapokea iliyo bora, ushahidi wake umekamilika. Anunue kwa moyo mkunjufu. Kung'ang'ania mashine inayokula saa zako za kusoma nako ni kupoteza amana, maana tutaulizwa umri tuliutumiaje kama tutakavyoulizwa mali.

Ninachosema ni kwamba mali yetu wengi ina jasho la mtu mwingine. Kabla hujauliza kama kununua ni halali, uliza kwanza kama umesema kweli kuhusu unachokihitaji.

Nilimpigia mama kumweleza. Habari za diski hakuzifuata. Aliuliza tu, "Kwa hiyo imebaki?" Nikamjibu imebaki. "Basi mnunulie mdogo wako madaftari."

Wabillahi tawfiq.