Watu Wawili Chini ya Kengele Moja



Jumamosi iliyopita, baada ya mazoezi ya kwaya, watoto walikaa kwenye ngazi za kanisa wakisimuliana picha ya Spider-Man, ile ya tatu iliyoongozwa na Sam Raimi mwaka 2007. Walirushiana utando usioonekana, kila mmoja akitaka kuwa stering. Kisha mvulana mmoja akanigeukia, uso wake kama wa mtu aliyedhulumiwa: "Baba Mchungaji, mbona yule mtu wa mchanga ameachwa tu aende? Si ndiye aliyemuua baba mkubwa wa Spider-Man?" Wenzake wakanyamaza wakisubiri jibu. Kwa mtoto, picha haijaisha mpaka adui apigwe.

Swali lake limekaa nami wiki nzima. Hebu tulitafakari pamoja.

Hadithi za mashujaa hawa zimepakana na imani tangu zamani. Jerry Siegel na Joe Shuster, waliomleta Superman mwaka 1938, walikuwa watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi, na wasomaji wengi wamemwona Musa katika Superman mchanga anayetiwa chomboni na wazazi wake ili aokoke. Katika Man of Steel ya mwaka 2013, Clark Kent, yaani Superman mwenyewe, anaketi kanisani akizungumza na padre, na nyuma yake kwenye kioo cha rangi anaonekana Yesu akisali Gethsemane. Alama hizi zinapendeza. Hata hivyo naamini injili husikika vizuri zaidi pale shujaa anapoacha kutumia nguvu zake.

Peter Parker, ambaye ndiye Spider-Man, ni yatima aliyelelewa Queens, New York, na baba yake mkubwa Ben na mkewe May. Ben aliuawa kwa risasi. Katika picha hii Peter anajua kwamba aliyefyatua ni Flint Marko, mfungwa mtoro ambaye mwili wake umegeuka kuwa mchanga. Wakati huohuo kitu cheusi kilichoanguka kutoka angani kinamng'ang'ania Peter na kuwa vazi lake. Kinamwongezea nguvu, na pamoja nazo hasira. Anamwinda Marko, anamfungulia maji mpaka anayeyuka, kisha anampelekea mama mkubwa habari kwamba muuaji amekufa.

May hafurahi. Anashtuka, halafu anamwonya kijana kwamba kisasi ni sumu inayoweza kumteka mtu na kumgeuza. Mjane ndiye yeye. Kama yupo mwenye haki ya kushangilia, ni yeye. Je, nawe umewahi kumpelekea mtu habari za kuanguka kwa adui yake, ukingoja atabasamu?

Yupo pia kijana mwingine, Eddie Brock, mpiga picha wa gazeti. Ameghushi picha ili Spider-Man aonekane mwizi, na Peter anamfichua. Kosa lilikuwa la kweli, na ukweli ulistahili kusemwa. Lakini Eddie anapomsihi amhurumie, Peter, akiwa na lile vazi, anamjibu kwa dharau kwamba akitaka msamaha akatafute dini. Eddie anafukuzwa kazi. Na kanisani anakwenda kweli.

Hapa ningeomba utazame taratibu. Juu, kwenye mnara, Peter anapambana kulivua vazi jeusi, na mlio wa kengele ndio unaolilegeza. Chini, Eddie yuko mbele za Mungu, amejinyenyekeza, anataja jina la Peter na kuomba auawe. Wote wawili wako katika nyumba moja ya sala. Anachokivua mmoja kinamdondokea mwenzake, naye kinamvaa.

Tusimhukumu Eddie haraka. Sala yake tunaijua. Tunaposema, "Mimi nimemwachia Mungu," mara nyingine ni imani ya kweli, na mara nyingine tunangoja Mungu atupigie mtu tuliyeshindwa kumpiga. Yakobo na Yohana walipoona kijiji cha Wasamaria kimekataa kumpokea Bwana, walitaka moto ushuke kutoka mbinguni ukiteketeze. Yesu aliwakemea, lakini hakuwafukuza. Aliendelea na safari pamoja nao. Na katika Matendo ya Mitume sura ya 8 tunamkuta Yohana huyohuyo, pamoja na Petro, ametumwa Samaria kuwaombea watu wale wapokee Roho Mtakatifu. Mikono iliyotaka kuwaitia moto sasa imewekwa juu ya vichwa vyao. Napenda sana kwamba Mungu alimpa muda wa kubadilika.

Katika katuni zenyewe, toleo la 300 la The Amazing Spider-Man la mwaka 1988, Eddie haombei mtu kifo. Amekata tamaa ya kuishi, na ameingia kanisani kuomba Mungu amsamehe. Kinachomkumbatia humo si mikono ya ndugu, ni kile kitu cheusi. Hadithi hiyo inaniumiza kuliko ile ya filamu. Ni wangapi wamekaa kwenye benchi la nyuma wakiwa na mzigo wa namna hiyo, nasi tukatoka kwenda kusalimiana na tuliowazoea?

Mwisho wa filamu, baada ya vita, Marko, ambaye kumbe hakufa, anamjia Peter. Anaeleza kwamba alihitaji fedha kwa ajili ya binti yake mgonjwa, na kwamba risasi ilifyatuka kwa bahati mbaya, jambo ambalo amelijutia tangu siku ile. Haombi kusamehewa, anataka aeleweke tu. Peter anakiri kwamba yeye naye ametenda mabaya, kisha anamsamehe. Hakuna utando, hakuna ngumi. Ben hafufuki, na picha haituonyeshi binti yule akipona. Nilimwambia mvulana kwamba jambo gumu kuliko yote aliyofanya Spider-Man ni hilo, na hata mtu asiye na nguvu za ajabu anaweza kulifanya. Aliniangalia kwa mashaka kidogo. Sikumlazimisha akubali.

Neno moja kwa aliyeumizwa. Akiwa na vazi lile, Peter alimpiga Mary Jane, msichana aliyempenda. Baadaye anamwendea mahali anapoimba, ananyoosha mkono, anangoja. Hadai chochote. Kumsamehe mtu hakukulazimu kurudi chini ya mkono wake, wala aliyepiga hawezi kukupangia siku ya kumsamehe. Mungu anayajua majeraha yako, naye hana haraka.

Wiki hii, mpendwa, yupo mtu ambaye jina lake ukilitaja kwenye sala sauti yako hubadilika? Anza na ombi dogo: mtoto wake apone, mvua ifike shambani kwake, safari yake iwe salama. Kesho rudia, hata kama moyo bado mzito. Na kama yupo uliyemwambia akatafute rehema kwingine, mpigie simu kabla ya Jumapili, mwache azungumze, umsikilize mpaka amalize.