Sauti Kabla ya Vanishi

Je, asiyetaka kusikia ana udhuru? Swali hili si la vitabuni tu. Fundi wa magitaa hukutana nalo mezani pake, siku ambayo chombo kimekwisha kuungwa lakini hakijapakwa kitu.

Siku hiyo ana hiari. Aweza kupaka vanishi moja kwa moja, au aweza kutia nyuzi chombo kikiwa bado kitupu, akakipiga na kukisikiliza. Njia hii ya pili ina taabu zake. Nyuzi sita za nailoni huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 40, na ubao wa uso kwa kawaida haufiki milimita 3 kwa unene. Jasho la vidole hupenya katika mti usiopakwa. Kisha nyuzi zote hutolewa tena. Lakini ikiwa sauti imefumbwa, bado fundi aweza kuuparura ubao, au kupitisha mkono katika tundu na kupunguza vijiti vya ndani, vilivyoushika kama mataruma yalivyolishika jahazi.

Sauti hukaa usoni. Mwaka 1862, Antonio de Torres wa Hispania alitengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, uso wake ukiwa wa mbao, ili aithibitishe kauli hiyo. Limehifadhiwa katika makumbusho ya muziki ya Barcelona. Basi hata mpingo wetu, unaofaa kweli kwa migongo ya magitaa, hauwezi kuuokoa uso uliochongwa vibaya, sembuse vanishi.

Atakayesikiliza atajua, na akijua amefungika. Akipaka juu ya dosari aliyoisikia, mng'ao ule wote ni uongo, ingawa hakutamka neno. Ndipo fundi mwingine husema moyoni: nisipotia nyuzi sitajua, na nisipojua sikudanganya. Mimi sioni hivyo. Asiyejua kwa kukosa njia ana udhuru. Aliyekuwa na nyuzi mkononi akaziweka kando amekwisha kuchagua, na atakayelipia ni mnunuzi.

Ni kweli kwamba sauti ya mti mtupu si ya mwisho. Vanishi huongeza uzito na kupunguza mtikisiko, na chombo kipya hubadilika kadiri kinavyopigwa. Anayesikiliza siku hiyo husikia dalili, hasikii hukumu. Ila zipo dalili zisizohitaji mkalimani: sauti moja ikizimika mara tu uzi unapochapwa, huku jirani zake zikidumu, hapo hapana la kubishaniwa.

Nasi watunzi tunayo vanishi yetu, nayo ni vina na mizani. Shairi la pwani hutungwa liimbwe, lakini zipo beti zinazotoka karatasini hadi matbaani bila kupita kooni. Vina vimetimia, mizani 16 haina pengo, na ndani hamna mtu. Katika tafsiri hatari huzidi, kwani msomaji asiyeijua lugha ya asili hana njia ya kukagua. Rasimu zangu mimi humsomea mtu kabla sijazitafutia vina, mishororo mingine mirefu, mingine mifupi. Hazipendezi kusikiliza. Mara nyingi msikilizaji hukunja uso akauliza, "Sasa hapa alikusudia nini?" Nami hurudi kwenye asili, nitazame kama aliyekusudia ni yeye au ni mimi.