Mchezo na Mashine Yake

Kampuni iundayo mashine za michezo ya video hufanya kazi mbili zilizo mbalimbali. Huunda chombo, tena hutunga mchezo wa kuchezwa ndani ya chombo hicho. Kwa kazi ya kwanza ni fundi, na kwa kazi ya pili ni mtunzi. Fundi hutaka chombo chake kipendwe kuliko vyombo vya wenzake. Mtunzi hutaka utunzi wake uwafikie watu wote. Kazi hizi zikikaa chini ya paa moja hushindana, na katika mashindano hayo huzaliwa swali: je, yapasa kampuni ya namna hiyo kuutoa mchezo wake uchezwe hata katika mashine ya mshindani, au ni haki yake kuuzuia?

Wasemao kuwa ni haki kuuzuia wana hoja yenye nguvu. Mara nyingi mashine huuzwa kwa faida ndogo, na pengine kwa hasara. Fedha hurudi kwa njia ya michezo, na kwa ushuru wanaotozwa watunzi wengine wanaouza michezo yao humo. Mashine isiyo na mchezo wa kumvuta mnunuzi ni sanduku tupu. Mfano wao ni Nintendo, kampuni iliyoanzishwa mjini Kyoto mwaka wa 1889 kwa kutengeneza karata. Mashine yake ya Wii U, iliyotoka mwaka wa 2012, haikufikia mauzo ya milioni 14. Washauri walikuwa wengi walioitaka kampuni impeleke Mario katika simu za watu. Mkuu wake, Satoru Iwata, alitangaza mwaka wa 2014 kuukata mshahara wake kwa nusu kwa miezi kadhaa, lakini hakuiacha kazi ya mashine. Ni kweli kwamba mwaka wa 2016 kampuni ilitoa mchezo mdogo wa Mario kwa simu. Lakini michezo yake mikubwa iliwekwa akiba, na mwaka wa 2017 ikaja Switch, ambayo imeuzwa kwa idadi ipitayo milioni 140. Kama michezo ile ingalitawanywa mapema, yamkini chombo kile kisingalizaliwa. Basi kuzuia si uchoyo sikuzote. Pengine ni kulinda mbegu.

Wenye rai ya pili hutaja Sega. Kampuni hiyo ilitoa Dreamcast nchini Japani mwaka wa 1998. Biashara ikaenda mrama, hata mwenyekiti wake, Isao Okawa, akaitolea kampuni mali yake mwenyewe. Januari 2001 Sega ilitangaza kwamba itaacha kuunda mashine na kuwatungia michezo wengine. Kabla ya mwaka ule kwisha, Sonic alikuwa akikimbia katika mashine za Nintendo, na mwaka wa 2007 yeye na Mario, mahasimu wa miaka mingi, wakakutana katika mchezo mmoja. Mashine ilikufa, mtunzi akaishi. Chema chajiuza, wasema hao, nacho hakihitaji kufungiwa ndani ya ua.

Lakini mfano huu haumalizi shauri. Sega ilifungua mlango kwa sababu nyumba ilikuwa ikianguka, na tendo la dharura si kipimo cha wajibu. Ni heri kumtazama mwenye nguvu aliyekuwa na hiari. Microsoft iliinunua Mojang mwaka wa 2014 kwa dola bilioni 2.5, na Minecraft ikaendelea kuchezwa katika mashine za washindani. Mwaka wa 2021 iliinunua ZeniMax, ambayo michezo yake mingi ilizoeleka katika PlayStation; lakini Starfield, ilipotoka mwaka wa 2023, haikutolewa huko wakati ule. Ilipotaka kuinunua Activision Blizzard kwa kiasi cha dola bilioni 69, wasimamizi wa biashara wa Marekani na Uingereza walilishuku jambo hilo, nayo ikafunga mikataba ya miaka kumi na Nintendo na Sony juu ya Call of Duty. Mwaka wa 2024 ilianza kupeleka kwa washindani michezo yake mingine, na mwaka wa 2025 ikatangaza kuwa Halo, nguzo ya Xbox tangu mwaka wa 2001, itakwenda PlayStation.

Katika matendo hayo pana tofauti ambayo haifai kusahauliwa. Aliyepanda mwembe uani kwake ana haki ya kusubiri maembe yaive na kuchagua atakayemgawia. Aliyenunua kisima ambacho kijiji kizima kilikuwa kikichota maji, kisha akakizungushia ukuta, hakuzalisha tone lolote. Amewanyang'anya watu walichokuwa nacho. Kuuzuia mchezo ulioutunga mwenyewe na kuuzuia ulioununua ukiwa tayari mikononi mwa wengi si jambo moja, ijapokuwa sheria huenda ikayaruhusu yote mawili.

Yupo naye mnunuzi wa zamani, aliyetoa fedha zake kwa sababu aliambiwa kuwa mchezo fulani hauko pengine. Mchezo huo ukienda kwa jirani, hulalamika kuwa amesalitiwa. Lalamiko lake lina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni dhaifu: alinunua furaha yake, hakununua huzuni ya jirani, na furaha haipungui kwa kuonjwa na wawili. Nusu ya pili ni nzito: huogopa kuwa chombo chake kitatelekezwa, na michezo aliyoinunua kwa njia ya mtandao, isiyoweza kuhamishwa, itapotea pamoja nacho. Ahadi ni deni, na deni hili halilipwi kwa kumnyima jirani. Hulipwa kwa kukitunza chombo kilichokwisha kuuzwa.

Hofu hiyo yaonyesha jambo kubwa kuliko biashara. Kitabu huishi baada ya mtambo uliokichapa. Mchezo uliofungwa katika mashine moja huweza kufa nayo. Uchunguzi wa Video Game History Foundation wa mwaka wa 2023 ulionyesha kuwa asilimia 87 ya michezo iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka wa 2010 haikuwa ikiuzwa tena.

Basi haki ya kuuzuia mchezo ipo, lakini ina mipaka. Ni halali kwa muda, ili fundi apate ujira wake na moyo wa kuunda chombo kingine. Ni dhuluma kwa kitu kilichonunuliwa kikiwa cha wengi. Na mashine inapokaribia mwisho wake, haki hiyo hugeuka kuwa wajibu wa kufungua, kwani hakuna faida inayolindwa tena kwa kuuacha utunzi uzikwe.