Hesabu ya Manufaa na Jasho la Mtoto

Mwaka 1993 wenye viwanda vya nguo nchini Bangladesh waliingiwa na hofu. Huko Marekani, Seneta Tom Harkin alikuwa anapigania muswada wa kuzuia bidhaa zilizotengenezwa na watoto zisiingie nchini mwake. Muswada haukuwahi kuwa sheria, lakini watoto wapatao 50,000, wengi wao wasichana, walifukuzwa kazi. UNICEF ilipofuatilia, ilikuta baadhi yao wanaponda mawe, wengine wanahangaika mitaani, wengine wametumbukia katika ukahaba.

Je, muswada ule ulikuwa mwema? Falsafa ya manufaa, aliyoijenga Mwingereza Jeremy Bentham katika karne ya 18, hailitazami tendo kwa nia yake. Hupima raha na maumivu ya kila anayeguswa, na maskini huhesabiwa sawa na tajiri. Kwa mizani hiyo, kumtoa binti kiwandani na kumwacha aangukie pabaya zaidi ni hasara.

Wapo wanaorukia hapo na kusema: basi aachwe afanye kazi, familia ipate chakula. Hesabu hiyo imekatwa njiani. Bentham mwenyewe aliikata. Mwaka 1797 alipendekeza nyumba za kazi kwa maskini, ambamo watoto wangeanza kuzalisha wakiwa na miaka 4. Lakini Edwin Chadwick, aliyewahi kuwa katibu wake, alikuwa katika tume iliyozaa Sheria ya Viwanda ya Uingereza ya 1833. Sheria hiyo ilipiga marufuku watoto wa chini ya miaka 9 katika viwanda vingi vya nguo, ikawapunguzia saa za kazi waliowazidi kidogo na kuwataka wasome kila siku.

Tofauti kati ya hesabu iliyokatwa na hesabu kamili inaonekana wazi kwenye machimbo madogo ya dhahabu mkoani Geita, Tanzania. Mtoto anakoroga mchanga na zebaki ndani ya karai kwa mikono mitupu, kisha anakaa karibu na moto zebaki inapochomwa ili ibaki dhahabu. Mvuke wake hauonekani. Jioni anarudi na fedha ya unga, na ukiishia hapo utasema kila mmoja amefaidika. Ila sumu hiyo hushambulia ubongo na mishipa ya fahamu ya mwili unaokua. Deni litalipwa kwa miaka mingi, na mlipaji ni mmoja tu.

Mizani hiyohiyo haimhukumu mtoto anayempalilia mama yake mihogo baada ya shule. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 nayo inatenganisha kazi nyepesi na kazi za hatari.

Wafuasi wa mwanafalsafa Kant wana pingamizi zito: mtoto si chombo cha manufaa ya wengine, hata jumla ikitoka nzuri namna gani. Pingamizi hilo linastahili kubaki mezani, kwa sababu jumla huweza kumficha anayeumia. John Stuart Mill, mtoto wa falsafa hiyohiyo ya manufaa, alitetea sheria za kuwalinda watoto akijua kuwa kazi waliyopangiwa na wakubwa haiwezi kuitwa hiari yao.

Wazazi nao si makatili. Utafiti wa wachumi Beegle, Dehejia na Gatti, uliotumia takwimu za kaya za mkoa wa Kagera, Tanzania, za miaka ya 1991 hadi 1994, ulionyesha kuwa mazao yakiharibika, saa za kazi za watoto huongezeka. Kaya zenye mali huhimili zaidi. Huko Bangladesh, makubaliano ya 1995 kati ya wenye viwanda, Shirika la Kazi Duniani (ILO) na UNICEF yalifungua shule na kuwapa watoto posho ya taka 300, fedha ya nchi hiyo, kwa mwezi.

Ndiyo maana kukagua machimbo peke yake hakutoshi. Kaya iliyopoteza mavuno inahitaji ruzuku kabla haijaanza kumtegemea mtoto, na shule inahitaji kuwa na dawati na uji siku mtoto huyo anapotolewa machimboni.