Magnesia Baada ya Futari

Huko Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, jua la Ramadhani huzama yapata saa kumi na mbili jioni. Tende, uji, sambusa, kisha samaki aina ya mukeke wa kukaanga na maharage. Tumbo lililoshinda kavu halipendi kushtukizwa namna hiyo. Kiungulia kinapanda kifuani, na baada ya siku kadhaa za kunywa maji kidogo, choo nacho kinakuwa kigumu. Ndipo mtu anapokwenda farmasi kutafuta ile dawa nyeupe inayofanana na chokaa iliyokorogwa: maziwa ya magnesia.

Ni dawa kongwe. Charles Henry Phillips aliipatia hataza Marekani mwaka 1873, na kazi yake haijabadilika. Ikikutana na asidi ya tumbo huizimua. Ikinywewa kwa kipimo kikubwa huvuta maji ndani ya utumbo, choo kikalainika katika muda wa nusu saa hadi masaa sita. Aliyefunga haimezi mchana. Baraza la fiqhi la kimataifa, lilipokutana Jeddah mwaka 1997, liliona kuwa sindano zisizo za lishe hazibatilishi saumu, wala kidonge cha kuwekwa chini ya ulimi, mradi mgonjwa asimeze kinachofika kooni. Magnesia lakini hunywewa ikashuka tumboni. Haina budi kungoja usiku.

Na usiku huohuo ndio unaongojwa na dawa nyingine zote za kumeza.

Tuseme mfungaji anatumia dolutegravir, dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI. Futari imekwisha, anapiga bismillah, anameza kidonge chake na kukisindikiza na kijiko cha magnesia. Tumboni, magnesiamu inaking'ang'ania kile kidonge, na sehemu kubwa ya dawa inapita bila kuingia kwenye damu. Doksisiklini na siprofloksasini hufanyiwa vivyo hivyo. Mwenye figo dhaifu ana hatari nyingine: mwili wake haumudu kuitoa magnesiamu, nayo ikirundikana hulegeza misuli, pumzi na mapigo ya moyo.

Hapa pana swali zito kuliko la tumbo. Waislamu wamefundishwa kwamba amali hupimwa kwa nia. Mtu huyu nia yake ni safi: amefunga kwa ajili ya Mola wake, amejitibu kwa sababu mwili ni amana. Je, nia hiyo haimtoshi?

Mbele ya Mungu, huenda ikamtosha. Virusi havina habari nayo. Tena mafundisho yenyewe hayakuwahi kuifanya nia kuwa kinga ya kila kitu: iko hadithi mashuhuri kwamba anayetibu watu bila kujulikana kwa utabibu atabeba dhamana ya madhara. Haikumuuliza kama alikuwa na moyo mwema. Nia inaweza kufuta dhambi; dhara linabaki palepale, na lazima awepo wa kuliwajibikia. Quran nayo imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku baadaye, na anayeikwepa ruhusa hiyo ili aonekane shujaa anajitwisha mzigo ambao hakutwishwa.

Lawama, hata hivyo, isimwangukie mgonjwa peke yake. Nani atataja dolutegravir mbele ya foleni ya majirani, katika mtaa ambao kila mtu anamjua mwenzake? Kunyamaza kwake kunaeleweka. Muuzaji ndiye anayeweza kusema kwanza, na amwambie kila mnunuzi bila kumuuliza ugonjwa wake: kama una dawa nyingine, usizichanganye na hii, njoo tupange saa. Sheikh anaweza kuyasema hayohayo baada ya tarawehe.

Hesabu yenyewe si ngumu. Dolutegravir humezwa masaa mawili kabla ya magnesia, au masaa sita baada yake. Aliyemeza kidonge wakati wa kufuturu, magnesia yake ni kuanzia saa mbili usiku. Aliyetanguliza magnesia, kidonge chake ni saa sita usiku.