Hesabu ya Maji ya Suuza

Andiko: Yohana 12:1-8, 24

Hapa Maweni hakuna asiyejua bei ya maji. Mawe ya kujengea tunayo tele, tunayachimba kila siku, lakini maji matamu tunayangoja yaje na mashua, dumu kwa dumu. Ndiyo maana nilishtuka mwezi wa Aprili nilipomkuta mama mmoja wa kanisa letu akimwagilia maua.

Alikuwa amerudi kutoka bara kumzika mwanawe. Huko nyumbani, kando ya kaburi, aling'oa viazi sita vya gladiola, lile ua refu lenye majani kama upanga, akaja navyo. Kwa vile ua wake ni mwamba mtupu, alivifukia katika ndoo mbovu zenye udongo na samadi ya mbuzi.

Mimi nimesomea biashara. Nikampigia hesabu palepale: maji kiasi hiki kwa siku, mara miezi mitatu, ni pesa ngapi? "Mama, hii ni hasara. Pesa hiyo ingesaidia wenye shida."

Akanitazama. "Pastor, haya ni maji ya suuza. Na nauli ya kwenda kaburini sina."

Jumapili mbili zikapita, hakuonekana ibadani.

Nikiandaa mahubiri nikafika Yohana 12. Mariamu anampaka Yesu marhamu ya thamani miguuni, na mtu mmoja anapiga hesabu: si ingeuzwa kwa dinari 300, wapewe maskini? Mtu huyo ni Yuda. Wapendwa, niliona aibu. Hoja yake ndiyo niliyompa yule mama! Yesu alisema aachwe, kwa sababu jambo lile lilihusu maziko yake. Nikaenda kumwomba mama msamaha.

Mwezi wa Julai ua moja lilichanua, jekundu, likifunguka kutoka chini kwenda juu. Viazi viwili vilikuwa vimeoza, na vitatu vilitoa majani tu. Majani yalipokauka, aliniita tuchimbue pamoja. Kile kiazi alichopanda kilikuwa kimenyauka, kimebaki ganda. Lakini juu yake kulikuwa na kingine kipya, kigumu, na pembeni vitoto vidogo kama punje. Basi nikaelewa mstari wa 24: chembe isipoanguka ardhini ikafa, hukaa peke yake.

Sisemi huzuni yake imekwisha. Bado analia, na Yesu mwenyewe alimlilia Lazaro. Ninachosema ni kwamba Mungu haiiti hasara kila kitu kilichofukiwa.

Mpendwa, jirani yako aliyefiwa umeshampigia hesabu? Umemwambia "imetosha sasa"? Wiki hii rudi kwake. Usiende na ushauri. Mpelekee dumu la maji, uketi naye.

Mungu awabariki.