Swali la Dada Yangu Baada ya Futari

Sifa zote njema ni za Allah, Mjuzi wa vilivyomo matumboni, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ama baad. Ndugu zangu katika imani, Ramadhani iliyopita, tukiwa tumefuturu hapa Kampala, dada yangu mkubwa aliniuliza swali nami nikalijibu kwa haraka. Yeye na shemeji wote wamebeba jeni ya selimundu, yaani ni AS. Mtoto wao wa kwanza anaumwa, tunampeleka kliniki Mulago. Wa pili tulimzika. Sasa wamesikia kwamba mayai yanaweza kutungishwa maabara, na baada ya siku tano hivi chembe chache za kila kiinitete zikapimwa, kisha kikapandikizwa kisicho na ugonjwa. "Wewe unayesoma dini," akasema, "ni halali?"

Nikamjibu kwamba huko ni kuingilia kazi ya Allah, wawe na subira. Hakubishana. Aliondoa vyombo tu.

Nilikuwa nimemsemea Allah nisilolijua, tena mbele ya mama aliyefiwa. Nikarudi kwenye vitabu. Baraza la Fiqhi la OIC, lilipokutana Amman mwaka 1986, liliruhusu panapo haja kutungisha yai la mke kwa mbegu ya mumewe nje ya mwili na kulirudisha kwa mke huyohuyo. Mtu wa tatu haruhusiwi kuingia, awe mwenye mbegu, yai au tumbo. Mwaka 1990, Jidda, likasema mayai yaliyotungishwa yakizidi yaachwe bila kuhudumiwa mpaka uhai wake ukome wenyewe. Nalo Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, mwaka 2007 lilikataza kuchagua jinsia ya mtoto kwa njia za kitabibu, isipokuwa kuepuka ugonjwa wa kurithi unaofuata jinsia. Selimundu haifuati jinsia, lakini sababu ni ileile: kuondoa madhara, si kuchagua mtoto wa kupendeza. Na hadithi ya Ibn Masud (r.a.) inaeleweka kwa wanavyuoni wengi kuwa roho hupulizwa baada ya siku 120.

Na qadar je? Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuna tauni, aligeuza msafara. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anakimbia makadirio ya Allah. Umar akamtolea mfano wa mchunga ngamia aliyeshuka kwenye bonde lenye pande mbili, upande mmoja wenye majani na mwingine mkame: popote atakapochunga, ni kwa makadirio ya Allah. Mimi nilikuwa nimemwamuru dada achunge kwenye ukame na nikauita ukame huo imani.

Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuwa SS. Utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta asilimia 13.3 ya watoto wachanga waliopimwa wamebeba jeni hii. Hesabuni safu mnayoswali nayo Ijumaa. Nyinyi mnaopelekana kwa mawalii mwaka huu, kipimo cha damu kabla ya nikahi ni rahisi kuliko yote niliyoyaeleza hapa. Mahari tunaijadili miezi mitatu. Damu hatuiulizi hata siku moja.

Nilimrudia dada, nikamwomba radhi na kumweleza niliyoyasoma. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jingine: "Nikiviacha vyenye ugonjwa, nitakuwa nimemwambia nini huyu?" Mpwa wangu alikuwa mlangoni, anafunga kamba za viatu vya shule.

Nikasema, "Sijui, dada." Safari hii hakuondoka.

Bado wanaswali istikhara. Kuna kiwanja chao ambacho huenda kikauzwa, kwani gharama ni kubwa, na shemeji hajakubali. Waombeeni dua, na mtoto wao pia.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.